Kifaranga Aliyeota Kinyumenyume

Kuna umri ambao kuku hana uzuri wowote. Alipoanguliwa alikuwa amevaa malaika, yale manyoya laini ya siku za mwanzo, na kila mtoto wa nyumbani alitaka kumshika. Siku chache baadaye manyoya ya mbawa yakaanza kuchomoza, yakafuata ya mkia na mabega, kisha ya mapaja na kifua, halafu ya mgongo na shingo, na kichwa kikawa cha mwisho. Kati ya wiki ya nne na ya sita kifaranga ni nusu hivi nusu vile: mbawa za ndege mkubwa, kichwa chenye malaika, mgongo ulio wazi katikati. Kabla vazi hilo la kwanza halijatulia, lingine linalisukuma kutoka chini, na kuku haingii katika manyoya yake ya utu uzima mpaka anapokaribia miezi mitano au sita. Nimelitanguliza hili kwa sababu kasoro nyingi zinazolalamikiwa si kasoro. Mtu amenunua vifaranga wa siku moja, amekaa nao mwezi mzima, sasa anawaona wamechakaa kama walioibiwa, naye anaanza kutafuta dawa. Anayehitajika hapo ni mvumilivu, si mganga wa mifugo.

Lakini tukishawaondoa hao ambao ni umri tu unaowachakaza, wanabaki wengine ambao kweli wana jambo. Yuko ambaye manyoya yake yamepinda kuelekea kichwani. Yuko asiye na unyoya hata mmoja shingoni. Yuko wa wiki tano ambaye mgongo ni ngozi tupu ilhali wenzake wamevaa. Yuko ambaye mbawa zimechanika ncha zake, na yuko aliyezaliwa mwekundu akapauka. Katika nyanda za juu za Ufipa, kuanzia Laela hadi Sumbawanga mjini na kwenda Namanyere, kuku wa namna hii huhukumiwa upesi, na hukumu ni tatu. Ya kwanza ni kwamba anaumwa. Ya pili ni kwamba mbegu yake ni mbovu. Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, kwamba kuku huyo si kuku wa kawaida, ana mwenyewe. Ninachotaka kukitetea leo ni kwamba hukumu zote tatu zina haraka, na kwamba unyoya wenyewe, ukitazamwa vizuri, unatoa ushahidi wa kutosha kumwambia mfugaji kama tatizo limetoka katika uzazi, katika chakula, au katika wadudu na maradhi. Na katika nyanda hizi zinazosifika kwa mahindi, nitadai kwamba chakula ndicho tunachopaswa kukishuku kwanza, ingawa ndicho tunachokishuku mwisho.

Niimalize kwanza ile hukumu ya tatu, maana inawaudhi watu wa Sumbawanga kuliko inavyowaudhi kuku. Mji huu umebebeshwa sifa ya uchawi nchi nzima, kiasi kwamba mgeni akiona kuku mwenye manyoya yaliyogeuka hucheka na kusema, ndiyo Sumbawanga hiyo. Basi mgeni huyo ajue kwamba kuku huyo huyo, anayeitwa kidimu katika Kiswahili cha pwani, yuko Afrika Magharibi, yuko Indonesia, na yuko Uhindi. Charles Darwin alimwandika katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu wanyama na mimea ya kufugwa, akasema si nadra huko Uhindi na kwamba manyoya yake yanapinda kwenda nyuma. Hakuna mtu aliyemroga kuku wa Uhindi akamtuma Ufipa. Na ni kweli kwamba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki waganga wa jadi hutafuta kuku wa rangi fulani au manyoya fulani. Hilo ni soko, na mwenye kuku ana haki ya kuuza. Soko hilo linatuambia mnunuzi anaamini nini. Halituambii manyoya yamepindaje.

Manyoya yanapindaje, basi? Kila unyoya huota kutoka katika kishimo kidogo cha ngozi, na unapoota una damu ndani yake. Ukimkata kifaranga unyoya mchanga wa bawa utaona unatoka damu. Damu hiyo ndiyo inayoleta malighafi. Unyoya ukikamilika, damu hukauka, na kuanzia hapo ni kitu kilichokufa kama ukucha, hauwezi kujirekebisha wala kukua tena mpaka utakaponyonyoka na mwingine kuota mahali pake. Kwa sababu hiyo unyoya hubeba kumbukumbu. Kifaranga aliyepitia siku mbaya wakati bawa linaota, siku za njaa, za baridi kali au za homa, hubaki na mstari mwembamba unaokatiza unyoya kwa upana, mahali ambapo nyuzi zake hazikujengeka vizuri. Mchukue kifaranga asubuhi, mfunue bawa taratibu, ulielekeze kwenye jua. Mstari huo utauona ukipitisha mwanga, na mara nyingi utauona katika urefu ule ule kwenye manyoya kadhaa yaliyo jirani, kwa sababu yote yalikuwa yakiota siku hiyo hiyo. Hapo ndipo unyoya huvunjika baadaye. Mfugaji anayeona mbawa zilizochanika ncha akafikiri kuku wanapigana, mara nyingine anachokiona ni siku mbaya za mwezi uliopita.

Kutokana na jambo hilo moja tunapata maswali ya kumwuliza kifaranga, na majibu yake yapo mwilini. Je, hali hii imeanza lini? Kifaranga wa kishingo anajulikana siku anapotoka kwenye yai: shingo ni ngozi tupu, pengine na kishada kidogo cha malaika mbele ya koo. Hakuna chakula wala mdudu aliyemfanya hivyo ndani ya yai. Kidimu hujitambulisha manyoya ya kwanza ya mbawa yanapochomoza, kwani yanaanza kugeuka yangali machanga. Je, pande mbili za mwili zinafanana? Urithi hugawa sawasawa kulia na kushoto, ilhali mdudu na mdomo wa mwenzake hawana mizani. Je, ni kifaranga mmoja katika kundi, wachache, au wote? Kama vifaranga wote wa kuku mmoja, pamoja na wale wa kuku mwingine anayelala banda jingine, wamechelewa kuvaa, basi tuache kuwasema wazazi wao na twende tukaangalie wanachokula.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa. Mkoa wa Rukwa kwa miongo mingi umetajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kama ghala la mahindi la taifa, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Sumbawanga. Mahindi yapo, pumba ipo, na kuku wa Ufipa hulala na kifuko cha shingo kikiwa kimejaa. Itakuwaje basi tuseme ana njaa? Ni kwa sababu kushiba na kujenga ni mambo mawili. Unyoya ukikauka, asilimia 85 hadi 90 ya uzito wake ni protini, na protini hiyo inadai sana aina fulani za asidi amino zenye salfa, methionini na sistini. Mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9 tu, tena iliyopungukiwa lisini. Kifaranga wa wiki za mwanzo anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20, maana anajenga nyama, mifupa na mavazi mawili ya manyoya ndani ya miezi mitatu. Ubaya wa mahindi matupu ni kwamba kuku hula mpaka atosheke nguvu, na mahindi yana nguvu nyingi. Anatosheka mapema, anaacha kula, na kile alichokikosa hakimwumi tumboni. Kinajitokeza mgongoni: manyoya yanachelewa, yanaota membamba, yanakatika, na kama kuku ni wa rangi na amekosa pia madini ya shaba na chuma, rangi hupauka.

Wapo watakaonijibu kwamba kuku wa kienyeji hasubiri kuletewa, hujitafutia; anachakura, anakula panzi, mchwa, minyoo na majani, na mababu zake wameishi hivyo bila kupimiwa protini. Hoja hii ina uzito, na kwa nusu ya mwaka ni kweli tupu. Mvua zikianza mwezi wa Novemba, kumbikumbi wakatoka ardhini na panzi wakajaa mashambani, kifaranga wa Ufipa anakula vizuri kuliko kuku wengi wa banda la mjini. Lakini Ufipa una msimu mmoja wa mvua, na kuanzia Mei hadi Oktoba ardhi hukauka, nyasi huchomwa, na wadudu hupungua sana. Katika miezi hiyo hiyo mahindi ndiyo yamevunwa, yamejaa uani, na kila mtu anawatupia kuku kwa ukarimu. Ndiyo pia miezi ya baridi: Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka hadi karibu na nyuzi 10. Kwa hiyo kifaranga wa Juni anakutana na baridi kali, wadudu wachache na mahindi tele, vyote kwa pamoja. Msimu wa neema ya ghala ndio msimu wa njaa ya manyoya. Mababu wa kuku huyo waliishi, ndiyo, lakini tusisahau kwamba walioishi ndio tunaowaona; vifaranga waliokufa kwa baridi mwezi wa Julai hawakuacha wajukuu wa kutusimulia.

Pingamizi la pili ni la mfuko, na ninaliheshimu zaidi. Mama mwenye nyumba atasema: unaniambia nimpe kuku dagaa, na watoto wangu wale nini? Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaoanikwa Kasanga, Kipili na Kirando wana protini inayozidi asilimia 50, na ni kweli kwamba ni kitoweo cha watu kabla hawajawa chakula cha kuku. Lakini tunazungumza juu ya vifaranga wa wiki za mwanzo tu, ambao kila mmoja hula gramu chache kwa siku, na tunazungumza juu ya vichwa na vumbi linalobaki chini ya gunia, lile ambalo wauzaji hulikung'uta mwisho wa siku. Tuna alizeti pia, na mashudu yake yana protini mara tatu hivi ya mahindi, na yana methionini nzuri kuliko mimea mingi, ingawa lisini yake ni ndogo. Dagaa huziba pengo hilo la lisini. Ukichanganya kilo tano za mahindi yaliyoparazwa na pumba, kilo moja ya dagaa waliosagwa wasio na chumvi, na kilo moja ya mashudu, unakaribia ile asilimia 18. Maharage nayo ni mengi kwetu, ila yapikwe kwanza. Maharage mabichi yana sumu inayomharibu kuku matumbo, na kuyasaga hakuiondoi. Na kwa asiye na senti, kuna mchwa: chungu kilichojazwa mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, kikafunikwa kifudifudi juu ya njia ya mchwa jioni, asubuhi kinakuwa na chakula ambacho hakuna duka la pembejeo linaloweza kukishinda.

Liko jambo jingine linalohusu mahindi ambalo hutajwa mara chache linapozungumzwa suala la manyoya. Desturi yetu ni kwamba mahindi mazuri ni ya watu na yaliyoota kuvu ni ya kuku. Tunadhani tunaokoa. Kuvu wa jamii ya Fusarium, ambao hustawi kwenye unyevu na baadhi yao hawasumbuliwi na ubaridi, wanaweza kutengeneza sumu kadhaa, na mojawapo, iitwayo T-2, inajulikana kwa kumtoa kuku vidonda mdomoni na kuharibu uotaji wa manyoya yake. Hivyo ukiona vifaranga wenye manyoya ya ovyo, wafunue na mdomo. Sumukuvu nyingine, aflatoksini, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na chanzo kilikuwa mahindi. Punje isiyofaa kwa ugali haibadiliki kuwa salama kwa sababu imeliwa na mwenye mdomo mgumu.

Wadudu nitawapitia upesi, si kwa sababu ni wadogo bali kwa sababu mfugaji anaweza kuwaona kwa macho. Chawa wa kichwani huwasumbua zaidi vifaranga wadogo, wakiwahamia kutoka kwa mama yao. Mwingine hukaa kwenye manyoya ya bawa na kuyala. Utitiri hujificha kwenye nyufa za banda na kutoka usiku. Alama yao ni ngozi iliyowashwa, mayai meupe yaliyoganda kwenye shina la unyoya, na manyoya yaliyoota sawa kisha yakaliwa. Hapo hakuna haja ya kusema juu ya urithi. Safisha banda, wape kuku majivu makavu ya kuogea, na umwone ofisa mifugo kwa dawa. Mdondo, unaoitwa pia kideri, ndio unaotaka haraka ya kweli. Kuku mwenye mdondo hutimua manyoya na kujikunyata, na macho yasiyozoea yanaweza kumchanganya na kidimu. Tofauti ni kwamba kidimu anakula, anakimbia na kuiba mtama ulioanikwa, wakati huyu mwingine amesinzia, anahara kijani, pengine shingo imeanza kupinda. Chanjo ya matone ya jicho ya I-2 inayostahimili joto, iliyoenezwa nchini mahususi kwa ajili ya kuku wa vijijini, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na hakuna mchanganyiko wa dagaa unaochukua nafasi yake.

Sasa tuwaendee wale ambao manyoya yao yanatokana na uzazi, na tuanze na wanaotukanwa zaidi siku hizi, yaani vifaranga wa kisasa. Tangu miaka ya 2010, Kuroiler waliozalishwa kwanza Uhindi na Sasso wa Ufaransa wameenea Tanzania; mradi wa African Chicken Genetic Gains ulioanza mwaka 2014, ukiwashirikisha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, uliwapima kuku hao katika kaya za wafugaji. Wamechanganyika na wa kwetu, na chotara wapo kila kona. Malalamiko ni kwamba baadhi yao hukaa uchi muda mrefu. Inawezekana kabisa, na sababu inajulikana. Kuku wana jeni ya kuchelewesha manyoya, iliyoko kwenye kromosomu ya jinsia. Mwenye jeni hiyo, siku ya kwanza, manyoya makuu ya bawa lake huwa mafupi au sawa na yale yanayoyafunika. Asiye nayo, makuu yanazidi kwa urefu. Wazalishaji wakubwa huitumia kutenganisha majike na madume kwa kutazama bawa tu, kwani wakimpandisha jogoo wa kuwahi na mitetea wa kuchelewa, wana wa kiume wote huchelewa na wa kike wote huwahi. Kwa hiyo katika kundi la chotara, pora anayekuja nyuma ya dada zake kwa wiki mbili au tatu hana ugonjwa. Atavaa.

Wanaosema mbegu ya kisasa haifai Ufipa wana nusu ya ukweli. Mbegu haikukosea, ila mwongozo wa kuitunza uliandikwa kwa kuzingatia mahali penye joto zaidi. Kifaranga hawezi kujitengenezea joto la kutosha katika wiki za mwanzo. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, zinazopunguzwa kidogo kidogo. Anayefuga Dar es Salaam anaweza kuondoa jiko la mkaa baada ya wiki tatu na asione tofauti. Anayefuga Sumbawanga, mwezi wa Julai, na kifaranga wa kuchelewa kuvaa, akifuata kalenda hiyo atazika. Na kifaranga anayetetemeka hutumia chakula kujipasha moto, kikibaki kidogo zaidi cha kujengea manyoya ambayo yangemzuia asitetemeke. Kwa mfugaji wa huku juu anayeniuliza muda wa kuondoa jiko, jibu langu ni kwamba asitazame tarehe, amgeuze kifaranga na kuangalia mgongo.

Wamebaki kidimu na kishingo. Kuhusu kidimu, mwaka 2012 watafiti walitambua kwamba chanzo ni kipande kilichopotea ndani ya jeni iitwayo KRT75, inayohusika na keratini ya mhimili wa unyoya. Mhimili ukijengwa vibaya, unyoya hujikunja. Kuhusu kishingo, mwaka 2011 kikundi cha Taasisi ya Roslin, Scotland, kilionyesha kwamba jeni moja hutoa kwa wingi protini inayozuia vishimo vya manyoya kutokea, na ngozi ya shingo ndiyo inayoisikia zaidi. Jeni zote mbili hurithiwa kwa namna moja: dozi moja hutosha kuonekana, na dozi mbili huzidisha. Kishingo wa dozi moja hupungukiwa manyoya ya mwili kwa asilimia 20 hadi 30. Wa dozi mbili hufika karibu asilimia 40. Kidimu wa dozi moja ana manyoya yaliyopinda lakini imara. Wa dozi mbili manyoya yake ni dhaifu, yanakatika kwa kuguswa, na mara nyingi anabaki ngozi wazi. Miaka ya 1930 huko Marekani, Walter Landauer na wenzake waliwapima kidimu wa dozi mbili wakakuta miili yao inachoma chakula kupita kiasi ili kufidia joto linalopotea, na mioyo yao imepanuka kwa kazi hiyo.

Ukisikia hivyo utasema, basi tuwachinje wote tubaki na kuku wa kawaida. Ndivyo wengi wanavyofanya, na kwa anayetazama ua wake tu wa Sumbawanga mjini, mwezi wa Julai, hesabu haina kosa kubwa. Lakini mkoa huu hauishii kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Ukishuka kwenda Muze, Mtowisa au Ilemba, katika bonde la Ziwa Rukwa, unateremka karibu mita 1,000, na kwa kawaida kila mita 1,000 za kushuka huongeza joto kwa nyuzi 6 hivi. Upande wa pili, Kasanga na Kirando ziko ufukweni mwa Tanganyika, chini vilevile. Huko mchana kuku wa kawaida hutanua mbawa, hutweta, huacha kula. Kuku hatoki jasho. Joto lake hutoka kwa pumzi na kwa sehemu zisizo na manyoya. Hapo shingo wazi na manyoya yaliyopinda huacha kuwa kasoro. Majaribio ya nchi za joto yameonyesha mara nyingi kwamba, joto likipita nyuzi 30, kishingo huendelea kula na kukua wakati mwenzake mwenye manyoya kamili anapungua. Katika miaka ya 1980 Peter Horst, mtafiti wa Berlin, aliziorodhesha jeni hizi mbili miongoni mwa zile za kuku wa asili zinazofaa kuhifadhiwa kwa ajili ya nchi za tropiki. Wafaransa, ambao hawana joto la Rukwa, wamefuga kuku wa shingo wazi kwa nyama kwa miaka mingi na kuwauza kwa bei nzuri.

Atakayepinga kwa ushahidi wa macho atasema: lakini vishingo wapo huku juu, wanaishi, wanataga, baridi haijawaua. Ni kweli, na sisemi wanakufa. Ninasema wanalipa. Kishingo wa Ufipa hula zaidi ili abaki pale pale alipo mwenzake, na asiyelipimia kundi lake chakula haoni gharama hiyo. Akiwa na banda lisilopitisha upepo na dozi moja tu ya jeni yake, gharama ni ndogo na mwenye kupenda sura yake amfuge kwa raha. Kidimu wa dozi mbili ni habari nyingine. Huyo hapa juu anateseka, na bondeni pia hana maisha mazuri, kwa kuwa manyoya yanayokatika hayamkingi na jua, mvua wala mwewe. Na huyo hatoki hewani. Anazaliwa pale jogoo kidimu anapoachwa na mitetea kidimu: katika kila vifaranga wanne, kwa wastani mmoja atakuwa wa namna hiyo, wawili kidimu wa kawaida, na mmoja asiye na alama yoyote. Jogoo huyo huyo akiwekwa na mitetea wa manyoya ya kulala, nusu ya vifaranga watakuwa kidimu imara, nusu wa kawaida, na wa kuteseka hatakuwepo.

Kwa hiyo anayemnunua kidimu sokoni, awe anampeleka Muze au anambakiza mjini, amfunue bawa kabla ya kutoa pesa. Manyoya yakiwa yamejikunja sawa kulia na kushoto, mihimili yake migumu na mwili umefunikwa, amnunue kwa bei ya kuku mzima na amtafutie mwenzi mwenye manyoya yaliyolala. Yakiwa yanamegeka mkononi na ngozi inaonekana hadi kifuani, wazazi wake wote wawili walikuwa kidimu. Amwulize muuzaji kama bado anao pamoja, na kama anao, amshauri amwuze mmoja wao kwa watu wa bondeni kabla ya baridi ya Juni.